Mlipuko wa Magoti Msinzini

Mwezi uliopita nilicheka matangani. Sikukusudia, na aliyenichekesha ni mjane mwenyewe. Nilikuwa nimeondoka Kibiti asubuhi na mapema, nikashuka kwenye boti pale Msinzini nimelowa mpaka magotini, nikapelekwa chumbani kwa Zuhura, aliyekuwa ameketi mkekani ndani ya eda yake. Nikamshika mikono, nikaanza kulia. Akaniacha nilie kidogo, kisha akaniinamia sikioni. “Dokta, walipotaka kumwosha niliwaita waoshaji pembeni. Nikawaambia, mkifika nyuma ya paja la kushoto mtakuta bonde, msishtuke. Bonde lile ni la miaka mingi, twalijua mie na dokta.” Kilio kikageuka kicheko, naye akaanza kutikisika mabega, na wanawake waliokuwa wakisoma Yasini upande wa pili wa chumba wakatutazama kwa jicho baya. Marehemu mumewe, Shamte, angefurahi kutuona. Alikuwa mtu wa kufurahia aibu za wenzake, na mimi katika mwaka mmoja nilimpa aibu ya kumtosha maisha yake yote.

Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini na minne, tabibu mpya kabisa, na koti langu jeupe lilikuwa bado na mikunjo ya dukani. Nilipangiwa zahanati ya Msinzini, kisiwa cha mikoko na tope katikati ya midomo ya mto Rufiji, nikamsaidie mganga mfawidhi. Nilipofika nikaambiwa mganga mfawidhi amekwenda masomoni, atarudi baada ya mwaka. Kwa hiyo niliyekuja kusaidia nikawa ndiye mkubwa wa kazi, na chini yangu alikuwapo mama mmoja wa kufagia ambaye alikuwa akinipa maagizo. Nilikuwa na daftari la chuoni, jalada jekundu, ambamo nilikuwa nimeandika kila alichosema mwalimu wetu wa mifupa na viungo, hata alipokohoa. Somo hilo nilikuwa nimeongoza darasa. Nilijua magoti. Kama kulikuwa na kitu kimoja duniani ambacho binti niliyekuwa mimi alikuwa na hakika nacho, ni goti la binadamu, na nikimkumbuka leo natamani kumvuta sikio.

Nilipanga chumba kwa Bi Mwanahawa, mama wa makamo mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto. Chumba kilikuwa na kitanda cha kamba, ndoo, na dirisha lililotazama uchaga wa kuanikia kamba, na kwa mwaka mzima nguo zangu zilinuka kamba wakavu hata nilipokwenda Kibiti kwenye semina. Kati ya chumba changu na ukumbi palikuwa na ukuta wa makuti tu. Nilisikia kila lililosemwa pale, na lililosemwa sana mwanzoni lilikuwa mimi. “Mtoto yule mwembamba, ataweza kushika mtu?” aliuliza jirani mmoja. Bi Mwanahawa akamjibu, “Kusoma kasoma. Kula ndiyo hajui.” Kisha akaniletea sahani ya wali na kaa wawili wa nazi, akakaa mlangoni mpaka nilipomaliza, akinifundisha kuvunja gando kwa meno ya nyuma. Nilimpenda siku hiyohiyo.

Masika yalipoingia wakaanza kuja wakata boriti. Kazi yao ni kuingia kwenye tope la mikoko maji yakitoka, kukata, na kubeba mti begani mpaka kwenye mtumbwi kabla maji hayajarudi. Wa kwanza goti lake lilikuwa limejaa kama boga dogo. Mguu ulikuwa umenaswa na tope mpaka kwenye muundi, boriti iko begani, mwenzake akamwita kwa nyuma naye akageuka, mwili ukazunguka na mguu ukabaki. Nilifurahi mno, Mungu anisamehe, kwa sababu ndivyo hasa daftari langu lilivyosema goti huumizwa. Nilimuuliza kama lilivimba palepale au kesho yake, akasema palepale, kabla hajafika mtumbwini, nami nikajua ndani kumevuja damu. Nikagonga pia ya goti ikaelea juu ya maji. Nikaushika muundi na kuuvuta mbele, ukaja bila kizuizi, na wa mguu mzima nilipouvuta ukagoma. Kano ya ndani imekatika. Nikafunga bendeji, nikamwandikia barua ya kwenda hospitali, na jioni ile nilikula kaa wawili bila kuhimizwa.

Wiki iliyofuata akaja Shamte. Kila mtu Msinzini alikuwa ameshaniambia habari za Shamte, mtu anayebeba boriti mbili wenzake wakibeba moja, tena akiimba. Aliingia akichechemea, akasimama. Nikamkaribisha kiti, akasema amezoea kusimama. Nikamuuliza anaumwa wapi. Akatazama dari, akatazama dirisha, akasema, “Goti.”

“Limeumiaje?”

“Nilikuwa nashuka mtumbwini, boriti begani. Mguu mmoja upo ukingoni, mwingine mtumbwini. Mtumbwi ukaondoka.”

“Ukaanguka?”

“Nikapasuka, dokta. Nikafunguka kama mkasi. Nikasikia kitu kinasema *ta*, kama kamba inakatika.”

“Wapi hapo?”

“Magotini huku,” akasema.

Basi nikampima. Alikunja suruali mpaka juu ya goti kidogo tu, akaishikilia pale kwa mikono miwili, na mikono ile haikusogea. Nikaanza na mguu mzima, kama tulivyofundishwa, ndipo nikaja kwenye unaouma. Uvimbe hakuna. Maji hakuna. Nikavuta muundi, ukagoma vizuri. Nikakunja na kukunjua huku nikizungusha unyayo, mkono wangu ukisikiliza kama gegedu inagonga, na goti likateleza laini kama la mtoto. Kitu kimoja tu nilikiona. Nyuma ya goti, pale kwenye kikunjo, palikuwa na weusi wa damu iliyovilia, unaoshuka kutoka juu, ukitokea ndani ya suruali. Samahani, nimeandika unaoshuka kutoka juu. Leo naweza kuandika hivyo. Siku ile niliona weusi nyuma ya goti, na kwa kuwa mtu kasema goti, nikasema ni wa goti. Nikamwomba alale kifudifudi nimpime nguvu ya kukunja mguu, akaniambia kwa adabu kubwa kwamba analala kifudifudi nyumbani kwake tu. Nikaandika katika kitabu cha wagonjwa, “Goti, mshtuko mdogo,” nikampa dawa ya maumivu na bendeji, nikamwambia arudi baada ya wiki.

Alirudi. Akarudi tena. Goti likawa zuri zaidi kila mara na Shamte akawa mbaya zaidi. Na hakuwa peke yake. Alikuja kipa wa timu ya kijiji, aliyeumia akipiga mpira mrefu, goti. Alikuja mzee mmoja wa heshima aliyemkimbiza nguruwe kwenye shamba la mpunga, goti. Walikuja vijana wawili siku moja wakifuatana, wakaulizwa wapi, wakajibu goti kwa sauti moja kama wanafunzi. Nilipima yote kwa mpangilio, kwanza zima halafu bovu, na mengi yalikuwa magoti ya kupigiwa mfano. Kufikia wiki ya nne nilikuwa na magoti kumi na tisa kitabuni, manne mabovu kwelikweli na kumi na matano yasiyo na ila. Mtu mwenye akili angejiuliza. Mimi nilichukua karatasi nzuri, nikamwandikia daktari wa wilaya kwamba ninaomba kutoa taarifa ya mlipuko wa magoti. Nikalipigia mstari neno mlipuko. Barua ikaondoka na boti ya asubuhi na mimi nikaisindikiza mpaka gatini, nikijiona nimeshapandishwa cheo.

Siku chache baadaye palikuwa na Maulidi uwanjani kwa jirani, na Bi Mwanahawa akanipeleka jikoni nikakune nazi, maana alisema dokta asiyejua mbuzi hatapata mume Msinzini. Tulikuwa wanawake kama ishirini uani, masufuria matatu ya pilau, moshi, na mdomo mmoja ukipokea mwingine. Zuhura, mke wa Shamte, alikuwa ng'ambo ya sufuria anapepeta mchele. Nilikuwa simjui ila kwa jina. Akawa anamlalamikia mwenzake, “Mie silali. Wiki ya tano hii mtu analala kifudifudi, akigeuka anapiga yowe. Na paja lote jeusi mpaka chini.” Mwenzake akasema, “Wangu afadhali, lake la kuvuta tu. Namkanda na mafuta ya nyonyo huku nyuma ya paja, asubuhi anashukuru, jioni anakwenda tena mpirani.” Mwingine akadakia, wa kwake pia. Mkono wangu ukasimama juu ya mbuzi. Nikanyanyua macho. Kupitia upenyo wa uzio niliwaona wanaume wamekaa makundi makundi kuzunguka masinia, na Shamte alikuwa pale, nikamwangalia kama sijawahi kumwona. Goti la kushoto alikuwa amelikunja na kulikunjua mara mbili bila kufinya uso. Lakini alikuwa amekaa tako moja. La kushoto lilikuwa hewani, ameegemea mkono, anakula kwa kuinama upande kama mtumbwi unaoingia maji.

“Paja?” nikasema kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka. “Si goti?”

Zuhura akaweka ungo chini. “Goti la nani, dokta?”

“La mumeo. Amekuja kwangu mara nne kwa ajili ya goti.”

Sijawahi kusikia kicheko kama kile, na nimesikia vingi. Kilianza kwa Bi Mwanahawa na kikazunguka masufuria yote matatu. Mama mmoja alilazimika kukaa chini. Alipopata pumzi, Bi Mwanahawa akanifuta unga wa nazi shavuni. “Mwanangu, wewe binti wa watu, mwari mtupu. Mwanaume wa hapa akuvulie suruali akuonyeshe mapaja? Aseme nini mbele ya Mungu? Goti ndipo mpaka ulipo. Wamekufikisha mpakani, wakakuacha hapo.” Na mimi Mwislamu, niliyekaririshwa madrasani nikiwa na miaka saba kwamba uchi wa mwanamume ni kati ya kitovu na magoti. Nililikariri kwa sauti nikapewa tende. Chuoni nikajifunza msuli wa nyuma ya paja, unapoanzia kwenye mfupa wa kukalia na unapoishia chini ya goti, nikapata alama zote. Mambo hayo mawili yaliishi kichwani mwangu pamoja bila kusalimiana.

Kesho yake nilimwomba Zuhura amlete mumewe, nikafunga shuka katikati ya chumba cha kupimia. Shamte na mkewe wakaingia upande wa kitanda, mimi nikakaa upande wa meza na daftari langu, nikitazama shuka. Nikasema, “Bi Zuhura, leo wewe ndiye mikono yangu. Mlaze kifudifudi. Anza na mguu mzima. Weka kiganja kisiginoni, umwambie akunje mguu, nawe umzuie.” Nikasikia kitanda kinalia, kisha kishindo. “Kaniangusha!” akasema Zuhura. “Una nguvu wewe baba!” Nikamwambia sasa wa kushoto. “Dokta,” sauti yake ikabadilika, “huu namzuia kwa kidole.” Nikamwambia atafute mfupa wa kukalia upande wa kulia, ashuke chini yake taratibu, aniambie anachokisikia. “Kumejaa. Kigumu kama kamba ya nanga.” Na kushoto? Nikasikia Shamte anasema kwa kuuma meno kwamba vidole vya mwanamke huyu ni vya chuma, na Zuhura anamwambia anyamaze, anafanya kazi. Halafu akasema, “Hapa hakuna kitu. Kuna bonde, kidole kinazama. Kitu chenyewe kimekimbilia chini, kimejikunja huku katikati ya paja.” Sikuhitaji kulitazama daftari. Msuli ulikuwa umeng'oka kwenye mfupa siku ileile mtumbwi ulipoondoka, na damu ikashuka kwa uzito wake mpaka nyuma ya goti, ikanisubiri pale inionyeshe njia ya kupanda juu. Mimi nikaifunga bendeji.

Daktari wa wilaya alifika siku ya pili yake. Daktari Massawe alikuwa mtu wa milimani, mnene, anayeogopa maji, na alishuka kwenye boti ameshikwa na watu watatu. Nyuma yake kijana wa maabara alibeba sanduku la chupa za damu. Walikuwa wamesoma barua yangu Kibiti, wakaamini imezuka ile homa ya mbu inayokunja watu viungo. “Wagonjwa wa homa wako wapi?” akaniuliza kabla hajakaa. Nikamwambia homa hakuna. “Magoti yaliyovimba?” Nikamwambia ni manne, ya tope. “Na haya mengine kumi na tano?” Nikamweleza. Nilieleza nikitazama viatu vyake, ambavyo vilikuwa vimeharibika kwa ajili yangu. Kijana wa maabara akatoka nje akacheka ukutani. Daktari Massawe hakucheka. Alimwita Shamte, wakaingia nyuma ya shuka wanaume wawili peke yao, na alipotoka akanawa mikono muda mrefu. “Mke wake amepima sawasawa,” akasema. “Huyu wiki ya kwanza, hata ya pili, tungempeleka Dar wakaurudisha msuli mahali pake. Sasa umeshasinyaa na kushikana huko chini. Atatembea. Mazoezi utampa. Boriti hatabeba tena.” Kisha akaongeza, kwa upole ulioniuma kuliko kama angenifokea, “Nenda ukamwambie mwenyewe.”

Nilikwenda alasiri. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri njiani, nilipofika yote yakaniishia. Shamte alikuwa amelala kwa tumbo kwenye mkeka barazani, kidevu mikononi, shoka lake limeegemea ukuta karibu na kichwa chake. Nikakaa chini nikamwambia. Nikamwambia nimepoteza wiki tano kupima goti lisilo na ubaya, na kwamba kosa ni langu, na kwamba hatarudi topeni na mti begani. Akanyoosha mkono akagusa mpini wa shoka. Alikuwa na miaka thelathini na mbili na hakuwa na kazi nyingine anayoijua. “Dokta,” akasema mwishowe, “goti nilikuonyesha mie. Uliniuliza wapi, nikakwambia goti. Mara nne.” Nikasema ningepaswa kujua. “Ungepaswa,” akakubali. “Na mie ningepaswa kusema. Tugawane.” Nikalia, naye akaniacha nilie, ila akamwita Zuhura alete chai. Nilipokuwa nainuka akaniuliza, “Wale wengine, kumi na wanne, bado wanakuonyesha magoti?” Nikamwambia ndiyo, na kwamba kati yao labda yupo wa kupelekwa Dar mapema, ila simjui ni nani. Akageuza uso ukutani.

Ijumaa ile nilikuwa zahanati nimefungua dirisha, natakasa sindano. Msikiti wa Msinzini ulikuwa hatua chache kutoka zahanati, na ulikuwa na kipaza sauti kilichowashwa kwa betri ya gari, na sala ilipokwisha nikasikia imamu anatangaza kwamba ndugu yetu Shamte bin Omari ana neno fupi. Nikasikia anakohoa. Akasema anamshukuru Mungu, anaomba radhi kwa wote. Akasema ameumia mtumbwini na hatakata boriti tena. Watu wakaguna kwa huruma. Akasema alimdanganya dokta kwa sababu ya haya, na haya ile imemla mguu. “Nilisema goti. Haikuwa goti. Ilikuwa sehemu za nyuma.”

“Nyuma wapi?” ikauliza sauti ya mzee mmoja, kiziwi kidogo, kutoka mbali.

“Nyuma ya paja, mzee wangu. Juu.”

“Juu wapi?”

Kipaza sauti kikakoroma. Kisiwa kizima kilikuwa kinasikiliza, wanawake visimani, watoto, watu mitumbwini, na mimi na sindano mkononi. Huyu ndiye mtu aliyeshikilia suruali yake kwa mikono miwili mbele yangu nisione hata upana wa kidole kimoja zaidi.

“Chini ya tako!” Shamte akapaza sauti. “Tako la kushoto! Pameng'oka! Na kama wewe umekaa hapo na lako limeng'oka, ukamdanganya yule mtoto wa watu, utakuwa kama mie! Shuka ipo, nendeni na wake zenu!”

Hakuna aliyecheka. Nilingoja nisikie kicheko, na sikukisikia. Nilisikia tu viatu vinavaliwa, na fimbo ya Shamte ikishuka ngazi za msikiti, moja, halafu moja.

Jumamosi nilifungua mlango saa moja asubuhi. Wanaume kumi na wanne walikuwa wamesimama kwenye foleni, hakuna aliyekaa, na nyuma ya kila mmoja alisimama mkewe ameshakunja mikono ya gauni.